Ufuo wa Sebuleni kwa Malachy Lavelle

Asubuhi ya Jumanne, siku moja baada ya kikao cha kamati ya jiwe, Concepta Lavelle alishuka ngazi kwenda kuchemsha chai akakuta bahari imejaa sebuleni. Ilikuwa imefika droo ya pili ya kabati la vyombo. Alivua sapatu, akazishika mkononi, akakata maji mpaka jikoni ambako palikuwa pakavu, akaweka birika motoni. Mumewe Malachy alikuwa ameshakaa mezani, sikio kwenye redio, anasikiliza matangazo ya vifo. Hapa kwetu Rinndara mtu hagusi chai kabla hajajua nani wa kuzikwa.

"Bahari imeingia sebuleni," Concepta alisema.

"Ngoja kwanza. Kuna Padden mmoja wa Glenamore amekufa."

Alipokwisha kusikia Padden huyo anazikwa lini, na kwamba familia inaomba watu wasilete maua, ndipo aliponyanyuka. Alisimama mlangoni mwa sebule, akachovya kidole, akalamba.

"Yana chumvi."

"Basi si bomba," Concepta alisema.

"Si bomba." Malachy alirudi kwenye chai yake akiwa amepata nafuu, maana fundi bomba wa hapa kwetu hapatikani ila kwa novena, sala ya siku tisa.

Nyumba yao iko juu kabisa ya kilima. Bahari haionekani kutoka pale, kwa kuwa kuna mgongo wa ardhi katikati, ingawa Malachy alipoijenga aliweka kibao getini kinachosema Mandhari ya Bahari. Mpaka kufika kwake, maji yalikuwa yamepita gatini, yakapita kanisa, shule na nyumba ya Attracta Ginty, yakapanda kilima chote, na hayakulowesha kizingiti cha mtu mwingine yeyote. Adhuhuri yalikupwa yakaacha mwani juu ya kochi na kaa wawili watatu chini ya piano. Jioni yakajaa tena. Concepta alikwenda kuazima jedwali la kujaa na kupwa kwa maji linaloning'inia gatini, akalinganisha, akakuta sebule yake haikosei hata kidogo. Tangu hapo alijua siku za kufua mapazia.

Inafaa niseme Malachy Lavelle ni nani. Hakuna kamati hapa kwetu ambayo yeye si mwenyekiti wake: ya gati, ya mpira, ya kuchangia mashua ya uokoaji, ya kupaka rangi madirisha ya kanisa. Ile ya jiwe aliianzisha yeye mwenyewe. Jiwe lilikuwa la kuwakumbuka wanaume watatu waliokufa maji Novemba ya nyuma yake, wakiwa ndani ya boti yake ya uvuvi, Concepta Rose. Uchunguzi ulikwisha kufanyika na kugundua kwamba siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka. Kwa hiyo Jumatatu ile jioni kamati ilikaa, ikanywa chai, ikapitisha maneno ya kuchonga: WALIOCHUKULIWA NA BAHARI.

Ni Attracta Ginty peke yake aliyekataa. Attracta ndiye mpishi wa shule, na mumewe Festy alikuwa mmoja wa wale watatu.

"Bahari haikutoka kwake kuja kuwachukua," alisema. "Walipelekwa."

Watu wazima walitazama viatu vyao, Malachy akauliza nani anaunga mkono, mikono ikanyooshwa. Wapo wanaosema kwamba bahari ilikasirika kusingiziwa, kwani nayo ina heshima yake. Mimi simo. Nasema tu kikao kilimalizika Jumatatu jioni na maji yalifika Jumanne asubuhi.

Mtu wa bima alikuja amevaa viatu vizuri. Alieleza kwamba nyumba iliyo juu ya kilima haiwezi kuingiwa na bahari, na kwa kuwa haiwezi, basi haijaingiwa. Alieleza hayo yote huku maji yakimfika magotini. Concepta alimpa taulo na kipande cha keki.

*

Kwetu hapa mtu akipotea baharini kazi husimama. Wanaume huvaa vizibao vya njano, hushika fimbo, hutembea ufuo wote kwa mstari, mwamba kwa mwamba, wiki baada ya wiki, mpaka maiti ipatikane. Wanawake hujaa ukumbini wakipaka siagi mikate. Sijaona watu wanaojua kutafuta maiti kama sisi, na ningependa tungekuwa hodari hivyo mapema kidogo, lakini hayo si ya leo. Wale wawili wengine walipatikana kwa namna hiyo, wakazikwa vizuri. Festy hakupatikana.

Kaburi lake Attracta alikuwa ameshalichagua, kando ya mama mkwe wake, chini ya ukuta unaokinga upepo, maana Festy alikuwa mtu wa kusikia baridi. Alivaa soksi mbili mbili hata Julai.

"Sisemi arudi mzima," Attracta alimwambia Padre Tuohy. "Hilo nimeshalikubali. Namtaka mahali nitakapomwona mtu anakanyaga nyasi zake, nimfokee. Basi."

"Omba, Attracta."

"Naomba, Padre. Ndo maana nakuja kwako."

Aliyeongoza msako alikuwa Bartley Padden, rafiki wa Festy tangu utoto. Bartley alikuwa nahodha asiye na boti, na tangu Novemba Malachy alikuwa tajiri wa boti asiye na nahodha, ila wakati huo hakuna aliyeyaweka hayo mawili pamoja. Aliposikia habari za sebule alikuja kuitazama, akatafakari, akakata shauri.

"Penye kujaa na kupwa pana ufuo," alisema. "Na penye ufuo tunatembea."

Kesho yake maji yalipotoka wakaja na vizibao vyao. Walijipanga dirishani, wakaenda hatua kwa hatua mpaka kwenye meko, wakichokoa nyuma ya kochi na chini ya zulia. Sebule ni kubwa lakini si kubwa hivyo, wakalazimika kuitembea mara nyingi ili zamu ikamilike. Wanawake walileta sandwichi za yai. Concepta alitoa vikombe vyake vya harusi, kwani mtu hawezi kuwatafuta wafu kwa vikombe vya plastiki ndani ya nyumba ya watu.

Ugomvi ulianza kwenye mwani. Mwani ni mali, hutiwa mashambani kwenye viazi, na kila kipande cha ufuo wetu kina mwenyewe tangu enzi za mababu. Bartley alidai kwamba ukoo wa mama yake ndio wenye haki ya mwani kutoka gatini hadi kwenye mwamba mweupe, na kwa kuwa maji haya lazima yalipita gatini, mwani wa kwenye kochi ulikuwa wake.

"We Bartley, utachukua mwani kwenye kochi langu?" Malachy aliuliza.

"Kochi ni lako. Mwani ndo naongelea."

"Umekaa juu ya nini huo mwani?"

Walibishana alasiri nzima. Wale watatu walipozama hakuna aliyepaza sauti namna ile. Mwisho walimwita Padre Tuohy, naye akakumbusha mila ambayo kila mtoto wa hapa anaijua: kitu kinachotupwa na bahari ni cha mwenye ufuo, mradi akidai kwa kinywa chake, mbele ya watu, kabla maji yaliyokileta hayajaondoka. Akishakidai anaweza kukitumia, kukiuza au kumpa amtakaye. Asipokidai, bahari inarudi nacho.

"Basi mwani ni wangu," Malachy alisema palepale. Bartley akabeba fimbo yake akaenda kunywa chai, bila kinyongo, kwa kuwa sheria ni sheria.

Bahari ya sebuleni ilishika mila hiyo kuliko sisi. Siku moja ilileta mtego wa kambamti, mpya kabisa, Malachy akiwa kanisani. Concepta alikuwa jikoni anamenya viazi na hakusema kitu. Maji yalipotoka, mtego ukatoka nao. Toka siku hiyo Malachy alikuwa akikaa mlangoni mwa sebule kila maji yakijaa, na chochote kilichoelea hakikupita bila kuambiwa. Boya la kioo: changu. Ubao mzuri: wangu. Kiatu cha mpira cha kushoto, ambacho Attracta alikitambua kwa kiraka: changu, kisha akampa Attracta kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, na watu wakasema Malachy ana roho nzuri. Lilikuja hata birika la Concepta Rose, likiwa na kifuniko chake.

Kisha likaja pipa.

Wote tulikuwepo. Maji yalikuwa yanaanza kupwa, wanaume wamesimama kwenye korido na vizibao vyao wakingoja zamu, na pipa jeupe likaja likizunguka polepole kutoka upande wa dirisha, likagonga piano, likatulia.

"Langu," Malachy alisema. Alisema kwa mazoea, kabla hajaliangalia vizuri.

Lilikuwa pipa la boti ya kuokolea. Kila chombo cha uvuvi hulibeba juu ya paa: ndani yake hukunjwa boti ya mpira, chombo kikizama boti hiyo hujipuliza, watu wakapanda. Bartley aliliinua upande mmoja akasema ni zito. Akafungua vifungo, akaondoa kifuniko. Ndani mlikuwa na mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukata kiangazi na kuukausha, tukauwasha badala ya kuni. Ilikuwa imepangwa safi, kipande juu ya kipande, kama mtu anavyopanga ya nyumbani kwake.

Mtu mmoja akachukua kipande, akakivunja, akanusa, kwa kuwa mtu wa hapa hawezi kuona mboji asiinuse.

"Hii ya chini kabisa," alisema. "Nyeusi."

"Ya Cloonagh," akasema mwingine.

"Cloonagh, ndiyo. Tazama haina mizizi."

Kinamasi cha Cloonagh ni cha Malachy. Kila mtu alijua, na kila mtu akaendelea kutazama mboji.

"Humo palitakiwa kuwa na boti," Attracta alisema.

"Palitakiwa, Attracta," Malachy alijibu kwa upole. "Mambo mengi yanatakiwa duniani."

"Umesema pipa ni lako."

"Pipa, ndiyo. Yaliyomo ni habari nyingine."

"Hapana," Bartley alisema, maana mila ilikuwa imani yake, na maneno yalimponyoka. "Pipa la mtu na yaliyomo ni vyake." Kisha alikumbuka ni nini alichokuwa anakisema, akafunga mdomo, akaanza kupanga mboji upya.

Jambo lenyewe halikuwa fumbo. Boti ya kuokolea hupelekwa mjini kukaguliwa, na isiporudi kwa wakati chombo hakiruhusiwi kutoka. Mkaguzi wetu ni mzee mwenye mgongo mbovu. Hupanda, huinua pipa upande mmoja, huhema, husema sawa. Mboji ya Cloonagh ikipangwa vizuri ina uzito uleule. Jioni ile wanaume kadhaa walishuka gatini kila mmoja kivyake, wakapanda kwenye vyombo vyao, wakafungua mapipa yao wakachungulia, wakayafunga. Walipopishana njiani waliongea juu ya mvua. Funika kombe mwanaharamu apite. Nayaandika haya nikiwa na hasira, na hasira yangu haijapunguza uzito wa pipa hata moja.

Padre Tuohy alisema tusihukumu, akachukua sandwichi. Malachy alibeba mboji yake jikoni akaianika juu ya jiko, kwa kuwa kutupa mboji nzuri ni dhambi.

*

Festy Ginty alikuja na bamvua la Machi, yale maji makubwa ya mwezi, Jumapili, watu wakiwa ndiyo kwanza wametoka mezani. Maji yalipanda siku hiyo mpaka kwenye vibonyezo vya piano. Alikuja na wimbi kutoka chini ya dirisha, amevaa koti lake la mpira la rangi ya machungwa, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna. Akasimama kando ya kabati, akavua kofia, akaikamua.

"Mungu awabariki mliomo," alisema.

"Nawe pia, Festy," Concepta alijibu. "Kaa kitako."

Akakaa kwenye kiti cha karibu na meko, huku maji yakimfika kifuani. Alikuwa anatetemeka. Concepta alikwenda kwenye simu ya ukutani akampigia Attracta, akamwambia njoo, Festy yupo hapa, na uje na soksi.

Attracta alikuja na suti ya kumzikia mumewe ndani ya mfuko wa dukani, na soksi jozi mbili. Alisimama mlangoni akimtazama.

"Umechelewa."

"Nimechelewa," Festy alikubali.

"Chakula nilikitupa."

"Haidhuru."

Hapo akaingia majini na viatu vyake vya kanisani, akakaa kwenye mkono wa kochi, akaushika mkono wa mumewe. Alilia kwa sauti, bila kujificha, muda mrefu, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza alijifuta uso kwa kitambaa cha meza cha Concepta.

"Baridi hiyo," alisema. "Malachy, washa moto jamani. Huoni mtu anatetemeka?"

Meko ya sebule ile ilijengwa juu sana, kwa maringo tu, lakini siku hiyo maringo yalifaa. Kitu kikavu pekee kilichokuwemo nyumbani ni ile mboji iliyoanikwa juu ya jiko. Malachy aliileta akaipanga, akawasha, ikashika mara moja. Festy alinyoosha viganja.

"Moto mzuri huu. Ya Cloonagh?"

"Ya Cloonagh," Malachy alisema.

"Nilijua. Siku ile tulipofungua pipa nilimwambia nahodha, hii ya Cloonagh hii, itatoa moto safi. Ila kiberiti kilikuwa kimelowa. Tukafunga tena isije ikaharibika."

Malachy alichokoa moto.

Maji yalipoanza kupwa, Attracta alisimama akamvuta mumewe. "Twende nyumbani. Kaburi lipo tayari, kando ya mama. Upepo haufiki." Festy alinyanyuka akamfuata vizuri mpaka kwenye kizingiti cha korido. Pale miguu yake ikagoma. Attracta alivuta, Concepta akashika mkono wa pili, wakavuta wote, mtu hakusogea.

"Siwezi, Attracta," alisema. "Unaijua mila. Nimetupwa hapa. Mpaka mwenye ufuo anidai ndo anaweza kukupa."

Wote wakamgeukia Malachy. Huyu ndiye aliyekuwa amedai mwani, boya, ubao, birika na kiatu, na hakuna aliyewahi kumwona akifikiri kabla ya kusema langu.

"Neno moja tu, Malachy," Attracta alisema. "Sema ni wako. Nimchukue niondoke."

"Sikiliza, Attracta. Hilo neno moja lina ndugu zake."

"Sema."

"Mtu si mwani. Nikisema mbele ya watu kwamba Festy ni wangu, kesho mwingine atauliza ni wangu kwa vipi." Alikwenda kwenye simu kumtafuta wakili wake wa mjini. Wakili alikuwa kwenye gofu. Maji hayakumngoja.

Festy alivaa kofia yake. "Msiniwashie mboji nyingine," alimwambia Concepta. "Hiyohiyo. Nitakuja bamvua lijalo." Soksi alizivaa jozi zote mbili juu kwa juu, akamshukuru mkewe, akatoka na maji kupitia chini ya dirisha. Attracta alibaki ameshika suti.

Wakili alipopatikana, Jumatatu, alimwambia Malachy neno hilo lisimtoke hata usingizini.

*

Basi ikawa desturi. Kila mwezi ukiandama na kila mwezi mpevu, Festy alikuja kuota moto, na Attracta alikuja kukaa naye. Majirani nao walikuja, wakaleta keki na habari. Festy alipenda kusikia nani kaoa na timu imefungwa ngapi. Hakumlaumu mtu, na jambo hilo watu walilisifu sana. Walimsifu Malachy pia: wangapi wangekubali maiti ya watu ije kuota moto kwao, mara mbili kwa mwezi, bila kinyongo? Majaji wa shindano la vijiji safi walipita, wakaiona sebule maji yakiwa yametoka, wakaandika kwamba Rinndara imepata ufuo mpya unaotunzwa vizuri.

Attracta hakumsifu. Kila mara maji yakianza kupwa alimgeukia Malachy akasema, "Sema." Kila mara Malachy alipata kazi jikoni. Siku moja Concepta alimvuta Attracta pembeni.

"Mwenzangu, ningesema mimi kama ningekuwa na ufuo," alisema. "Kila kitu kiko kwa jina lake. Mimi jina langu liko kwenye boti tu."

Jiwe lilizinduliwa Juni, jua likiwaka, watu wamevaa vizuri. Malachy alipanda jukwaani akasema kwamba watu hawa watatu walikuwa wana wa kijiji kizima. "Ni wetu sote," alisema, akihuzunika kwelikweli. Huzuni yake sijawahi kuitilia shaka. Aliitoa kwa wingi na haikumpunguzia kitu.

Attracta alisimama katikati ya viti.

"Sote hatuna ufuo, Malachy. Wewe unao. Mume wangu anapigwa baridi toka Novemba. Pipa ulisema lako. Mboji ikawa yako. Sasa sema na yeye ni wako, nikamzike."

Nilimwona Malachy akifungua mdomo. Naapa neno lilikuwa limefika menoni. Wanaume wenye vyombo walikuwa wamesimama safu ya nyuma, na wote walijua kwamba neno hilo likitoka halitaishia kwake. Hapo Padre Tuohy akafanya ishara ya msalaba akaanza rozari.

Rozari ikishaanza kwetu, hakuna mtu anayeongea juu yake. Hata Attracta hawezi. Alisimama akajibu sala kama wengine, machozi yakimtiririka, fungu baada ya fungu, na walipofika mwisho Malachy alikuwa ameshika kamba ya kitambaa kilichofunika jiwe. Kitambaa kilianguka. WALIOCHUKULIWA NA BAHARI. Watu walipiga makofi, kisha wakashuka gatini, kwani siku hiyohiyo kulikuwa na boti mpya ya kubarikiwa, Concepta Rose ya Pili, na nahodha wake alikuwa Bartley Padden. Alikuwa amevaa tai. Mkaguzi alipanda, akainua pipa upande mmoja, akahema.

"Sawa," alisema.

Bartley aliliinua baada yake, peke yake, watu wakimtazama. Alilishikilia kitambo. Kisha akaliweka chini taratibu.

"Uzito uko sawa," alisema.

Bamvua lilikuwa wiki ileile. Alasiri ya siku hiyo Festy alikuja, akasema Mungu awabariki mliomo, akakaa kwenye kiti chake. Attracta alikuwa ameshakoleza moto. Ilikuwa mboji ya mwisho ya lile pipa, na ilikuwa inaungua vizuri. Alimvisha soksi mpya alizozifuma mwenyewe. Malachy alikuwa gatini anawapa mkono mabaharia.

Mlango wa korido ulifunguka, Concepta akaingia majini kinyumenyume, anakokota viti vya mbao, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vipya, vya miguu mizito, vya aina isiyoharibiwa na chumvi. Alivipanga kuizunguka meko, akarudi nyuma kuviangalia, akakisogeza kimoja.

"Vya nani hivyo, Concepta?" Attracta aliuliza.

"Bartley na wenzake wanatoka leo."

Concepta alifuta maji kwenye viti kwa aproni yake, ingawa vilikuwa vimesimama majini. Festy aliwatazama wanawake wale wawili, akatazama viti, akavuta cha kwake kando kidogo, ili wote wapate moto.